Akiba Inayooza

Usiku wa tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima. Hilo peke yake halikumshangaza mtu. Watu waliwasha mishumaa na vibatari, wakalala wakijua kwamba asubuhi utakuwa umesharudi. Asubuhi haukurudi, wala wiki ile, wala wiki iliyofuata. Ulirudi tarehe 18 Juni. Kwa karibu miaka 30 kisiwa kilikuwa kikiletewa umeme na waya mmoja, uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara mwaka 1980, na njia hiyo ilipoharibika hapakuwa na ya pili.

Habari zilizosafiri nje ya kisiwa zilizungumzia giza: hoteli, majenereta, watalii. Ndani ya nyumba za Mjini na Ng'ambo shida iliyouma mapema zaidi ilikuwa nyingine. Mifereji ilikauka. Kisiwa hakina ziwa wala mto mkubwa wa kunywesha mji. Mvua ya masika na ya vuli huzama katika jiwe la matumbawe, ikakaa chini kama maji katika sifongo, na kutoka huko pampu za umeme huyavuta maji hadi kwenye matangi na mabomba. Pampu ikinyamaza, mji mzima una kiu juu ya hazina ya maji isiyofikika.

Mwaka uliofuata jambo lilelile likarudi, safari hii kwa muda mrefu zaidi: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Kisa hiki kina swali ambalo si la Wazanzibari peke yao. Pwani hii imeishi na maji ya kuchota kwa karne nyingi kabla ya pampu. Ilikuwa na visima misikitini, mabirika majumbani, na mitungi ya aina kwa aina. Ilikuwaje basi mji wenye urithi huo ukute, asubuhi moja ya Mei, kwamba nyumba nyingi hazina maji ya kutosha hata siku 3? Jibu linahitaji kurudi nyuma kidogo, kwa sababu maji ya akiba yana historia, na historia hiyo ina faida zake na pia ina wafu wake.

*

Kiswahili kina methali fupi ya kutufundisha kuweka: akiba haiozi. Kwa fedha ni kweli. Kwa maji si kweli. Maji yakikaa huvunda. Huota ukijani, huzaa viluwiluwi vya mbu, hupokea vumbi na kila mkono uliozamishwa ndani. Anayeweka maji hana budi kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kuyalimbikiza na kuyafanya yasikae.

Wazee wa pwani walilielewa hilo vizuri, na ushahidi umo katika vyombo vyao. Balasi ni mtungi mkubwa wenye shingo nyembamba, usioruhusu mkono wa mtu mzima kuingia. Gudulia ni la udongo unaovuja jasho, na jasho hilo likikauka huyapoza maji ya ndani. Kata, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu, huchota maji huku vidole vikibaki nje. Mtungi wa maji ya kunywa uliwekwa kivulini na kufunikwa, na katika nyumba nyingi ulifukizwa ubani kabla ya kujazwa, maji yakachukua harufu yake. Maji ya kunywa na maji ya kuogea hayakukaa chombo kimoja. Huo ulikuwa mpangilio wa nyumba, na mtoto aliyetia kikombe kichafu mtungini aliujua kwa kofi.

Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, akiwa njiani kwenda Kilwa, aliona visima milangoni mwa misikiti. Aliandika kwamba vilikuwa vya kina cha dhiraa moja au mbili tu, na kwamba watu walichota kwa chombo cha mti chenye mpini, wakaosha miguu kabla ya kuingia. Maelezo yake ni ya mstari mmoja au miwili, lakini yanatuonyesha jambo kubwa: maji ya umma yalikaa palepale watu walipokusanyika mara tano kwa siku. Hakuna maji yanayopata nafasi ya kuvunda yakichotwa mara tano kwa siku.

Lamu ilikwenda mbali zaidi. Katika nyumba za mawe za karne ya 18, bafuni kulikuwa na birika lililojengwa ukutani na kupigwa lipu ya chokaa. Ndani yake waliishi samaki wadogo, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, katika sakafu ya birika, fundi alikuwa ameweka bakuli la kauri kutoka Uchina. Siku ya kuliosha birika maji yote yalitolewa, isipokuwa yale yaliyobaki ndani ya bakuli, na samaki walijikusanya humo mpaka birika lijazwe tena. Watalii huoneshwa bakuli hilo kama alama ya utajiri wa wafanyabiashara, na kweli ni alama ya utajiri. Lakini kwa anayefikiria maji, bakuli lina maana nyingine. Aliyelijenga alikuwa na hakika kwamba birika litaoshwa. Hakuliachia zoezi hilo kwa kumbukumbu ya mtu. Alilijenga ndani ya sakafu.

*

Mji wa Zanzibar ulikua haraka mno kwa mpangilio kama huo. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mji ulijaa. Karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa vilileta watu kutoka Oman, Uhindini, Bara na visiwa vingine. Nyumba zilisogeleana. Katika viwanja hivyo vyembamba, kisima kifupi na shimo la choo vilitenganishwa na hatua chache za jiwe la matumbawe, jiwe ambalo hupitisha maji kama kitambaa.

Kipindupindu kiliingia Zanzibar mwaka 1836–37, kikarudi 1858–59, kisha 1869–70. Katika mlipuko huo wa mwisho alikuwapo mjini daktari Mskoti aliyeitwa James Christie. Kitabu chake juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kilichapishwa London mwaka 1876, na hadi leo ni miongoni mwa maandishi muhimu zaidi tuliyo nayo kuhusu afya ya mji ule. Christie alifuatilia ugonjwa kwa njia za misafara na majahazi, akaonyesha jinsi ulivyoshuka kutoka kaskazini kupitia nchi ya Wamaasai hadi pwani ya Pangani, kisha ukavuka bahari. Alichunguza pia mji wenyewe: fukwe zilizotumika kama choo na jalala, visima, na maji watu waliyokunywa. Wakati huo Robert Koch alikuwa bado hajamtambua mdudu wa kipindupindu. Kazi yake Misri na Uhindini ni ya 1883–84.

Maelfu ya watu walikufa. Akiba ikaonyesha uso wake wa pili. Kisima kilichouokoa mji wakati wa kiangazi ndicho kilichousambazia ugonjwa. Mtungi uliojazwa kwa bidii jioni, ukafunikwa, ukawekwa kivulini kwa utaratibu wote wa nyumba yenye adabu, ulikuwa umehifadhi kipindupindu. Tangu hapo hatuwezi tena kuzungumzia wingi wa maji bila kuuliza maji hayo yamechotwa wapi.

Swali la pili, ambalo halijibiwi na mabakuli ya kauri, ni nani aliyeyachota. Katika Zanzibar ya karne ya 19 maji ya nyumba za wenye uwezo yalibebwa kichwani na watumwa, wengi wao wanawake na wasichana. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1897. Ina maana kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ile, kila birika lililojaa lilikuwa hesabu ya safari za mtu ambaye hakulipwa. Tunapoyasifu mabirika ya mababu, na yanastahili sifa, tukumbuke kwamba yalijaa kwa shingo za watu. Hodhi ni tangi la maji lililojengwa. Kuhodhi ni kukifanya kitu kuwa chako peke yako. Katika Kiswahili maneno hayo mawili yana sauti moja.

*

Barghash bin Said alikalia kiti cha usultani mwaka 1870, mji ukiwa bado unatoka kwenye kipindupindu. Miaka kumi na moja kabla alikuwa amejaribu kumpindua ndugu yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Alikaa huko takriban miaka miwili, na ni miaka hiyohiyo ambapo Bombay ilimaliza kujenga mfumo wa kuleta maji kwa mabomba kutoka bwawa la Vihar, uliokamilika mwaka 1860. Yumkini alirudi na picha ya mji mkubwa unaokunywa maji ya mbali.

Kabla ya kufariki mwaka 1888, Barghash alikuwa ameleta maji mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, kaskazini mwa mji. Vipande vya mfereji wake wa mawe bado vinaonekana kandokando ya barabara ya kwenda huko, matao yakiwa yamemezwa na majani. Alijenga pia hamamu ya umma mjini, na mtaa wake ukabaki na jina la Hamamni. Hadi leo Mzanzibari akisema "mfereji" ana maana ya kile ambacho Dar es Salaam huitwa bomba, hata kama ni koki ya plastiki iliyochomoza ukutani. Jina la njia ya maji limehamia kwenye mdomo wake.

Ni vigumu kueleza ukubwa wa mabadiliko hayo bila kutia chumvi. Maji yaliyotoka chemchemi ya mbali hayakupita kando ya choo cha jirani. Msichana aliyekuwa akipanda na kushuka na mtungi alipungukiwa safari. Kwa mara ya kwanza mji ulikuwa na chanzo kisichotegemea udongo wake wenyewe.

Lakini mfereji ulibadilisha pia namna watu walivyoifikiria nyumba. Maji yanayokuja yenyewe hayahitaji birika. Kwa vizazi kadhaa, polepole sana, visima vya uani vilizibwa au vikageuzwa jalala, na mabirika ya bafuni yakawa mahali pa kuwekea ndoo na madumu. Neno lenyewe likapoteza maana moja: mtoto wa leo akisikia "birika" huona chai. Baada ya Mapinduzi ya 1964 maji yalitolewa bure kwa miaka mingi, na kitu cha bure kinachotoka ukutani kila siku hakimfundishi mtu kuweka. Yakajengwa majumba ya ghorofa ya Michenzani, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na maelfu ya watu wakapata makazi bora kuliko waliyokuwa nayo. Ghorofani hakuna ua wa kuchimba kisima. Maji hupanda kwa msukumo, na msukumo hutoka kwa pampu, na pampu inataka umeme.

Kila hatua katika safari hii ilikuwa na sababu njema. Hakuna aliyekaa akapanga kuiacha nyumba ya Mzanzibari bila akiba. Akiba iliondoka kwa sababu ilikuwa kazi, na kazi hiyo ilikuwa imepata mbadala. Kilichosahaulika ni kwamba mbadala wenyewe ulikuwa mmoja tu, na uliegemea waya mmoja.

*

Siku 28 za Mei na Juni 2008 zilirudisha kazi hiyo kwa wiki moja. Visima vya zamani vya misikiti na vya mitaa vilifunguliwa, vikapata foleni tangu alfajiri. Wenye vigari vya kusukuma walipata biashara mpya, na bei ya dumu ikapanda. Waliokuwa na jenereta walivuta maji kwa dizeli na kuwagawia au kuwauzia jirani. Visima vya karibu na bahari vilitoa maji ya chumvi, ya kufulia na kuogea tu, kwa hiyo familia ziligawa tena maji kwa kazi, kama walivyogawa mabibi: haya ya kunywa, haya ya kuoshea, haya ya chooni. Waliobeba walikuwa hasa wanawake na watoto.

Athari zake hazikuishia siku umeme uliporudi. Mwanauchumi Alfredo Burlando alichunguza takwimu za watoto waliozaliwa Unguja baada ya kipindi kile, akakuta kwamba miezi ya giza ilifuatiwa na watoto wenye uzito mdogo zaidi, jambo alilolihusisha na kipato kilichopotea katika kaya. Mtoto ambaye hakuwa amezaliwa umeme ulipokatika alizaliwa na alama yake.

Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wa baharini, wa megawati 100, uliojengwa kwa fedha za msaada wa Marekani. Na majumbani wenye uwezo walifanya walichofanya wenzao wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi: walinunua matangi meusi ya plastiki, wakayapandisha juu ya paa. Kwa macho ya haraka, birika limerudi. Limehamia juu na kubadilika rangi.

Hapa inafaa kusimama, kwa sababu tangi juu ya paa na birika la Lamu havifanyi kazi moja. Birika lilichotwa kila siku kwa mkono, likaonekana kila siku kwa macho, na lilijengewa bakuli kwa ajili ya siku ya kuoshwa. Tangi la paani halionwi na mtu. Linajazwa na pampu ileile, kwa bomba lilelile, kwa umeme uleule. Likikauka bomba, tangi hutoa siku mbili au tatu za kujidanganya kwamba hakuna shida. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua maji kwa ukame na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, nyumba zenye matangi na nyumba zisizo nayo zilitofautiana kwa siku kadhaa tu. Baada ya hapo wote walitafuta gari la maji, na mwenye gari la maji naye alikuwa akitafuta pa kuchota.

*

Hesabu husaidia kuona mipaka ya jambo hili. Viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani, vile vya Sphere, vinataka mtu apate lita 15 za maji kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Familia ya watu 6 inahitaji lita 90, sawa na madumu manne na nusu ya lita 20. Kwa siku 28 za mwaka 2008 ingehitaji lita 2,520, yaani madumu 126. Hakuna chumba cha kupanga kinachoyabeba.

Kwa hiyo akiba ya nyumbani haiwezi kuwa jibu la dharura nzima. Ni daraja. Kazi yake ni kukufikisha kutoka saa maji yanapokatika hadi saa unapopata chanzo cha pili, bila kukulazimisha kunywa chochote kilicho karibu. Mamlaka za Marekani huzishauri kaya ziwe na galoni moja, karibu lita 4, kwa kila mtu kwa siku, kwa siku zisizopungua 3. Kwa watu 6 hizo ni lita 72, na madumu manne yanatosha na kubaki kidogo. Madumu manne yanaingia chini ya meza ya jikoni hata kwa aliyepanga chumba na sebule.

Yakishaingia, historia tuliyoipitia ina neno juu ya kila moja. Chombo kiwe na mdomo mwembamba na kifuniko. Hili si suala la urembo wa kale. Katika miaka ya 1980, watafiti katika vitongoji maskini vya Calcutta walizipa baadhi ya kaya zenye mgonjwa wa kipindupindu mtungi wa udongo wenye shingo nyembamba, uitwao huko sorai, na nyingine wakazipa dawa ya klorini. Maambukizi kwa wanafamilia wengine yalishuka sana katika makundi yote mawili, na mtungi ulifanya vizuri sawa na dawa. Waliobadilishiwa chombo tu, bila kubadilishiwa maji, walipona kwa sababu mikono haikuweza kuingia. Balasi la bibi lilikuwa na hoja.

Maji yawe salama tangu kuingia. Yachemshwe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, au yatiwe klorini: kidonge cha dukani kilichoandikwa lita 20 ni cha dumu zima, si cha ndoo ya lita 10 wala pipa. Maji yenye matope huchujwa kwanza kwa kitambaa kisafi, kwa sababu uchafu hula dawa kabla dawa haijafika kwa vijidudu. Halafu huachwa nusu saa kabla ya kunywewa. Kwa mji uliozika watu mara tatu katika karne moja kwa ajili ya maji yaliyohifadhiwa vizuri lakini yaliyochotwa pabaya, hatua hii haina mjadala. Na haijapitwa na wakati: kipindupindu kilirudi Zanzibar mwaka 1978, kikaja tena mara kadhaa, na mlipuko wa 2015–16 ulikuwa mkubwa.

Kisha maji yazunguke. Dumu lililojazwa na kusahauliwa nyuma ya mlango ni akiba ya jina tu. Siku ya haja litafunguliwa litoe harufu, na nyumba itajikuta na madumu manne ya kusafishia choo. Njia nyepesi ni ile ya birika: yatumie. Leo unapikia dumu la kwanza, unaliosha, unalijaza tena, unalipeleka mwisho wa mstari. Maji yako ya dharura yanakuwa maji yako ya kila siku yaliyochelewa siku chache. Hakuna tarehe ya kukumbuka, kama vile Lamu hapakuwa na haja ya kumkumbusha mtu kwamba samaki wana mahali pao.

*

Daraja hata hivyo lazima litue ng'ambo. Familia iliyonunua siku 3 kwa madumu yake manne inahitaji kujua siku ya nne itakwenda wapi, na swali hilo nyumba haiwezi kulijibu peke yake.

Watu wa 2008 walilijibu kwa sababu bado kulikuwa na wazee waliojua kisima kiko wapi. Walijua kipi kina maji baridi na kipi cha chumvi, msikiti upi una kamba na upi umeziba. Kuchimba kisima kulikuwa sadaka, mara nyingi wakfu kwa ajili ya marehemu, na sadaka haina mlango wa kufungwa kwa jirani. Hiyo ndiyo sehemu ya urithi wa pwani ambayo tangi la plastiki halina. Birika lilikuwa la mwenye nyumba. Kisima cha msikiti kilikuwa cha mtaa, na ndicho kilichobaki mabirika yalipokauka.

Ujuzi ule unazeeka. Visima vingi vimo chini ya saruji, au vimo karibu mno na mashimo ya vyoo hata havifai kunywewa bila dawa. Kwa hiyo maandalizi ya maji katika mtaa wowote, uwe Malindi, Temeke au Majengo, yana kazi ya kuuliza ambayo haigharimu kitu. Kisima cha karibu kiko wapi, na nani ana ufunguo? Pampu yake inavutwa kwa mkono, kwa jua, au kwa umeme uleule? Maji yake yalipimwa lini? Nani katika mtaa hawezi kubeba dumu: mjane wa ghorofa ya tatu, mwenye mimba, aliyetoka hospitali?

Na nani atabeba? Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2023 ilikuta kwamba katika kaya 7 kati ya 10 duniani zisizo na maji nyumbani, kuchota ni kazi ya wanawake na wasichana. Dharura ikija, kaya yenye mfereji huungana na kaya hizo kwa siku moja, na mara nyingi hugawana kazi kwa njia ileile bila hata kuzungumza. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Familia inayopanga wapi dumu litakaa, dawa gani itatiwa na lini litajazwa, ipange pia ni shingo ya nani italipandisha ngazi, na iwe imeshakubaliana hivyo wakati mfereji bado unatoa maji.